Salum Abdallah na Ngoma Iliyofika Mikese

Mikese ni mahali pa kupitia. Iko yapata kilomita 30 mashariki ya mji wa Morogoro, mahali ambapo msafiri atokaye pwani huanza kuiona milima ya Uluguru ikinyanyuka upande wake wa kushoto. Misafara ya karne ya 19 iliyovuka kutoka Unguja hadi Bagamoyo na kushika njia ya bara ilipitia hapo, na Stanley aliitaja Mikese katika habari za safari yake ya 1871. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilipita hapo kabla ya kuufikia mji wa Morogoro mwaka 1907. Katika miaka ya 1950 kikapita kitu kingine kisichohitaji njia wala reli: sauti ya redio. Mitambo yake ilikuwa Dar es Salaam, na bendi iliyopendwa kusikika katika redio hiyo ilikuwa Morogoro. Mikese ilikuwa baina ya hizo mbili.

Bendi hiyo ni Cuban Marimba, na kiongozi wake ni Salum Abdallah Yazidu, ambaye wapenzi wake walimwita kwa herufi zake tatu, SAY. Leo jina lake halijasahaulika, lakini limewekwa katika kabati moja na mengine mengi, na juu ya kabati hilo pameandikwa neno moja: zilipendwa. Makala haya yanadai kwamba neno hilo, pamoja na mapenzi yote yaliyomo ndani yake, limemdhulumu Salum Abdallah. Limemfanya awe kumbukumbu kabla hajahakikiwa kama mtunzi.

Wasifu wake ni mfupi, kwa kuwa umri wenyewe haukuwa mrefu. Alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Huo ndio mwaka ambao Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, nazo zikawa mwanzo wa Waswahili kuisikia lugha yao ikiimbwa na mashine. Mtoto wa Morogoro alikulia katika dunia iliyofunguliwa na mashine hiyo. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilianza kuuza katika Afrika sahani za mfululizo wa GV, ambazo nyingi zilikuwa na muziki wa Cuba: son, rumba na bolero. Zilifika bandarini, zikapanda treni, zikaingia madukani na hotelini katika miji ya bara. Husimuliwa kwamba kijana Salum aliupenda muziki huo kiasi cha kutoroka nyumbani kwa nia ya kwenda Cuba, akaishia Mombasa. Aliporudi aliamua kuijenga Cuba yake Morogoro. Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 20, alianzisha bendi iliyoitwa La Paloma, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Cuban Marimba. Aliiongoza, aliitungia na kuiimbia hadi alipofariki katika ajali ya gari mwaka 1965, akiwa na miaka 37.

Shutuma ya kwanza dhidi yake ni ya uigaji. Wapo wanaoliona jina lenyewe la bendi kuwa ushahidi wa kutosha: Waluguru, Wakutu na Wakwere wana ngoma zao, kulikoni kuazima ya watu wa ng'ambo? Mwacha asili ni mtumwa, wahenga walisema. Shutuma hii haifai kupuuzwa, lakini wasomaji wa visiwani wanazo sababu za kuipima kwa uangalifu zaidi kuliko wengine. Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905, ilijifunza kwa sikio lililoelekezwa Misri. Ganuni, fidla na udi havikuota katika mikarafuu. Hata hivyo hakuna mhakiki makini anayesema leo kwamba taarab ni muziki wa Cairo uliokosea njia. Imekubalika kuwa ni sanaa ya Waswahili kwa sababu ya kilichowekwa ndani ya chombo hicho cha kuazima, yaani ushairi wa Kiswahili, pamoja na mafumbo yake na adabu zake. Ikiwa kipimo hicho ni cha haki kwa Unguja iliyosikiliza Misri, ni cha haki pia kwa Morogoro iliyosikiliza Cuba.

Tena mkopo wa Morogoro una tofauti moja. Neno marimba ni la Kibantu. Lilivuka Atlantiki pamoja na watumwa, likaishi huko pamoja na ala na mapigo yao. Mdundo wa son unaoongozwa na vijiti viwili vigonganishwavyo, mapigo matano yaliyogawanywa matatu na mawili, ni ndugu wa midundo inayosikika katika ngoma nyingi za Afrika. Muundo wa wimbo wa son nao, ambao huanza kwa masimulizi ya mwimbaji mmoja kisha hufungua mlango wa kuitikizana, haukuwa mgeni kwa mtu aliyekua akisikia ngoma za Uluguru, ambamo mmoja hutoa na wengi hupokea. Salum Abdallah alipouita muziki wake kwa majina mawili, moja la kisiwa cha mbali na moja la ukoo wake mwenyewe, aliandika historia hiyo katika maneno mawili, akijua au asijue.

Jambo la pili la kuhakiki ni uongozi wake. Waswahili walipolipokea neno kondakta hawakulipeleka ukumbini. Walilipandisha basi na treni, likawa jina la mkata tiketi. Kwa kiongozi wa wanamuziki halikuhitajika, kwa kuwa katika bendi za dansi hapakuwa na mtu aliyesimama na kijiti mkononi akiwapa mgongo wasikilizaji. Kiongozi aliimba, akiwatazama wachezaji, na bendi ilimfuata kwa sikio. Hata neno okestra, bendi zetu zilipolichukua baadaye, hazikumaanisha wapiga fidla hamsini, bali magitaa, besi, ngoma, manyanga na ala za kupuliza.

Uongozi wa namna hii hupimwa kwa nidhamu ya nafasi. Katika rekodi za Cuban Marimba ala hazigombanii uwanja. Gitaa huujibu mstari wa mwimbaji, halimdakizi. Vijiti huendelea kulinda mwendo hata pale mwimbaji anapochelewa makusudi ili neno liwe na uzito. Sauti za kuitikia huingia kwa pamoja, bila pupa, na hutoka kabla hazijachosha. Sauti ya Salum mwenyewe haina makeke: ni laini, ya katikati, hutamka kila silabi. Yeye ndiye mwenye bendi, lakini katika wimbo huchukua nafasi ya msemaji mmoja kati ya watu wanaosemezana. Hilo ni chaguo la kiongozi, si upungufu wa koo.

Jambo la tatu, nalo ni zito zaidi, ni utunzi. Sahani ya santuri ya wakati ule ilichukua takriban dakika tatu kila upande. Dakika tatu hizo ziliwekwa na kampuni, si na mtunzi, lakini mtunzi mzuri huifanya kamba aliyofungiwa kuwa kipimo chake. Mshairi wa Kiswahili anajua habari hii, maana mizani na vina ni kamba za namna hiyo. Nyimbo za Salum Abdallah hazifuati mizani ya shairi wala beti za mistari mitatu zilizozoeleka katika taarab; hata hivyo zimeurithi ubanifu. Jambo husemwa mara moja, likarudiwa katika kiitikio, likaachwa. Msikilizaji hapewi kisa kizima. Hupewa kipande cha mazungumzo, naye hujaza kilichobaki.

Utazamwe wimbo wake mashuhuri, Ngoma Iko Huku. Jina lake tu lina somo la sarufi na la ushairi. Kiswahili kina njia tatu za kusema karibu: hapa, huku na humu. Hapa ni mahali mahususi panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Humu ni ndani. Huku ni upande, mwelekeo, eneo lisilo na mpaka ulio wazi. Mtunzi angesema ngoma iko hapa, angekuwa ametangaza anwani ya ukumbi. Kwa kusema huku amefanya jambo kubwa zaidi: amegeuza uso wa msikilizaji. Na neno ngoma nalo lina maana zaidi ya moja, maana ni ala, ni mchezo, ni mkusanyiko wa watu. Bendi inayoshutumiwa kwa kuiga ya wageni inasema kwamba ngoma, kwa maana zote hizo, iko upande wa kwetu. Kwa hiyo jibu la shutuma ya uigaji lilitolewa na mshutumiwa mwenyewe, na lilitolewa dansini.

Wimbo mwingine, Wanawake Tanzania, unastahili kutazamwa kwa jicho la tarehe. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulifanyika tarehe 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likachukuliwa rasmi Oktoba mwaka huo. Mwaka uliofuata Salum Abdallah alifariki. Wimbo huu basi ni wa kipindi kifupi mno, wakati jina lenyewe la nchi lilikuwa bado jipya vinywani. Wengi waliolitumia jina hilo wakati ule walilitumia katika hotuba. Salum alilitia katika muziki wa kuchezwa, tena akaliambatanisha na wanawake. Sarufi ya jina la wimbo nayo haikosi maana. Si wanawake wa Tanzania. Kiunganishi kimeondolewa, na kwa kuondolewa hicho wanawake hawawi mali ya nchi: majina mawili yamesimama bega kwa bega. Yamkini ilikuwa ni haja ya mdundo tu. Lakini katika ushairi haja ya mdundo na haja ya maana hukutana mara nyingi, na mhakiki hapaswi kuidharau moja kwa sababu ya nyingine.

Hapo ndipo redio inapoingia, na Mikese pamoja nayo. Salum Abdallah hakuwa mtangazaji wa kuajiriwa. Hata hivyo hakuna namna ya kuieleza kazi yake bila ya utangazaji. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, mwaka uleule Sauti ya Unguja ilipoanza. Mwaka 1956 ya bara ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Miaka hiyo 14, kuanzia 1951 hadi 1965, ndiyo miaka ya ukomavu wa Cuban Marimba. Sahani zake, zikiwemo zilizotolewa na kampuni ya Mzuri ya Mombasa, zilimfikia mwenye gramafoni na fedha za kununulia; redio ilimfikia hata asiye na kimoja wala kingine, maadamu jirani yake alikuwa na redio na uungwana wa kuiweka barazani.

Kwa mtu wa mjini, Cuban Marimba ilikuwa usiku wa dansi: kiingilio, viatu vilivyong'arishwa, na ushindani na Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1944, ambao uliugawa mji katika pande mbili za wapenzi. Kwa mtu wa Mikese, kwa kibarua wa mkonge katika mashamba ya kandokando ya reli, au kwa mkulima aliyeteremka kutoka vilimani, usiku huo haukuwa wa kila siku. Kilichomfikia kila siku ni sauti peke yake, bila mavazi, bila taa, bila umati. Msikilizaji huyo ndiye hakimu mgumu. Dansini wimbo dhaifu huweza kuokolewa na usiku mwema. Katika redio hauna wa kuuokoa.

Katika sikio la Mikese neno huku linapata maana ambayo halikuwa nayo ukumbini. Sauti imetungwa Morogoro, magharibi ya msikilizaji. Inarushwa kutoka Dar es Salaam, mashariki yake. Nayo inamwambia kwamba ngoma iko huku. Huku wapi? Hawezi kugeuka upande mmoja tu. Wimbo unamzunguka kotekote, na mwelekeo unaobaki ni pale alipo yeye. Mtu wa mahali pa kupitia, ambaye misafara na treni vilimwona kando ya njia tu, anaambiwa kwa lugha yake kwamba yeye yuko penye ngoma. Ndiyo maana muziki wa mji mmoja uliweza kuwa wa nchi nzima bila ya kuacha kuwa wa Morogoro.

Haitakuwa uhakiki kunyamazia kasoro. Zipo nyimbo za Cuban Marimba ambazo zikisikilizwa kwa mfululizo huonekana kutoka katika kalibu moja: mwendo uleule, mwanzo wa gitaa uleule, kiitikio kinachotabirika. Kilichokuwa nidhamu katika wimbo mmoja huwa mazoea katika kumi. Bendi za wakati huo, na hii haikuepuka, hazikuona haya kuazima madoido ya Kihispania yaliyopendwa kwa mlio wake kuliko kwa maana yake; hapo shutuma ya uigaji hupata mahali pa kushika. Tena ule ubanifu unaosifiwa hapo juu humzuia mtunzi asilichimbe jambo. Huzuni ya Salum Abdallah huguswa, haizamiwi. Msikilizaji anayetaka kuona mtu akivunjika mbele yake hatamwona humo.

Ili kuiona tofauti hiyo, inatosha kumtazama aliyemfuata katika mji uleule. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944, aling'ara akiwa na Morogoro Jazz, akafika nayo Japani katika maonyesho ya Osaka ya 1970, akajitenga mwaka 1973 na kuunda Super Volcano. Yeye alizipasua dakika tatu. Wimbo wake ulijaza upande wa kwanza wa sahani ukamalizikia upande wa pili; gitaa lake lilishika hoja pale maneno yalipokoma, likaisema tena kwa urefu na kwa uchungu. Kwa Mbaraka wimbo ni malalamiko ya mtu mmoja yaliyofunguliwa mpaka mwisho. Kwa Salum wimbo ni neno la baraza. Mji mmoja ulitoa njia zote mbili katika muda usiozidi miaka 30, na aghalabu ya wanaozisifu huzitaja kwa pumzi moja kana kwamba ni njia moja. Kifo nacho kiliwafananisha: Mbaraka alifariki Januari 1979 mjini Mombasa, kwa ajali ya gari pia. Mombasa ndipo safari ya Salum ya kwenda Cuba ilipokomea.

Baada ya mwaka 1965 Cuban Marimba haikufa. Juma Kilaza aliichukua, akaiongoza na kuitungia nyimbo zilizopendwa kwa haki yake mwenyewe. Kudumu huko ni sehemu ya hukumu juu ya kiongozi wa kwanza. Bendi iliyotegemea haiba ya mtu mmoja ingezikwa naye. Hii ilikuwa imefundishwa kusikilizana, na mafunzo hayo hayakuhitaji mwalimu awepo.

Kilichobaki leo ni sahani na kanda. Sahani huchakaa kwa sindano, na kanda huliwa na joto na unyevu. Mwaka 2000 kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilikusanya rekodi za Salum Abdallah za miaka ya 1955 hadi 1965 katika diski iliyopewa jina la wimbo wake, Ngoma Iko Huku. Na tangu miaka ya 2010 zimekuwapo juhudi za kuzihamishia kanda za redio ya taifa katika mfumo wa dijiti. Ni kejeli kwamba wimbo uliosema ngoma iko upande wetu ulisubiri mkusanyaji wa ng'ambo. Lakini kejeli hiyo isiwe kisingizio cha kulalamika tu. Kuhifadhi sauti ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuisikiliza kwa makini yaleyale yanayopewa shairi, na kwa kazi hiyo hahitajiki mgeni wala mtambo.

Turejee, basi, katika lile neno la kabatini. Zilipendwa ni neno la upendo lenye sarufi ya mazishi: -li- ya wakati uliopita imewekwa katikati, na mtendaji ameondolewa. Nani alizipenda? Neno halisemi. Na mbona hazipendwi sasa? Neno haliulizi. Wimbo ukishaitwa hivyo haupimwi tena. Unakumbukwa, unatabasamiwa, unapigwa Jumapili alasiri. Nyimbo za taarab za umri huohuo zimeandikiwa tahakiki, zimefasiriwa mafumbo yake, zimeingia madarasani kama ushairi. Za dansi zimeachwa kwa wazee na ujana wao. Mgawanyo huo hauna msingi katika kazi zenyewe. Mtunzi aliyejua tofauti ya hapa na huku, na akaijengea wimbo mzima, ni mtunzi wa Kiswahili, na haki yake ya kwanza ni kusomwa hivyo.

Treni bado hupita Mikese, na barabara kuu pia. Atakayeketi hapo na redio, wimbo wa Salum Abdallah ukapigwa, ajaribu kulisikiliza neno huku kana kwamba limetamkwa leo, kisha aangalie uso wake umegeukia upande gani.